Kufunga kioo cha ukutani bafuni: mwongozo kwa nyumba za mwambao wa Mtwara na Lindi

Kioo cha bafuni katika nyumba za Mtwara na Lindi hukabiliana na mambo ambayo mtu wa Dodoma au Iringa hana haja ya kuyawaza sana: hewa ya chumvi inayotoka baharini, unyevu wa miezi ya mvua, na kuta ambazo mara nyingi zimejengwa kwa mchanga ambao haukuoshwa. Ndiyo maana katika mwongozo huu maneno mengi yatatumika kuzungumzia ukuta na skrubu, na machache tu yatahusu kioo chenyewe. Kioo kinapoanguka, kwa kawaida kosa si lake. Ukuta ulishindwa kuishika fisha (kile kipande cha plastiki kinachoingizwa kwenye tundu ili kishike skrubu), au skrubu ililiwa na kutu hadi ikakatika.

Kioo kinachozungumziwa hapa ni kile bapa, kisicho na fremu au chenye fremu nyembamba, kinachofungwa juu ya beseni la kunawia. Kabati lenye mlango wa kioo hufuata taratibu hizohizo, ila hesabu ya uzito ijumuishe kabati na vitakavyowekwa ndani yake. Kama nyumba ni ya kupanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa lolote, kwa sababu tundu kwenye marumaru halizibiki likasahaulika.

Hatua ya kwanza: ufahamu ukuta wako

Gonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, polepole, kuanzia upande mmoja wa eneo la kioo hadi mwingine. Sauti nzito na fupi inamaanisha kwamba lipu imeshikana na tofali. Sauti ya uwazi inamaanisha kwamba lipu imeachana na tofali, au kipande cha marumaru kimebanduka kwa ndani ingawa kwa macho bado kinaonekana kizima. Sehemu ya namna hiyo haifai kubeba kioo. Ama uhamishe kioo, ama ubomoe lipu hiyo na kuipiga upya kwa saruji sehemu moja na mchanga safi wa mtoni sehemu tatu. Tangu kiwanda cha saruji cha Msijute kianze kazi mwaka 2015, saruji hapa Mtwara haitoki mbali. Kinachotakiwa kutafutwa kwa bidii ni mchanga usio na chumvi.

Chumvi ndiyo adui wa kwanza, na huonekana kama unga mweupe unaotoka kwenye lipu au kwenye viungo vya marumaru, hasa chini ya ukuta. Maji hupanda kutoka kwenye msingi au huvuja kutoka kwenye bomba, huyeyusha chumvi iliyo ndani ya tofali, kisha hukauka na kuiacha chumvi hiyo juu ya ukuta. Nyuma ya kioo, mahali ambapo hewa haipiti vizuri, mchanganyiko huo wa maji na chumvi hushambulia tabaka la fedha lililo mgongoni mwa kioo, na madoa meusi huanza kutambaa kutoka kwenye kingo kuelekea katikati. Ukuta wa lipu tupu unaweza kuupima kwa njia rahisi: bandika kipande cha nailoni chenye upana wa nusu meta kila upande, uzibe kingo zote kwa gundi ya karatasi (utepe wa karatasi wenye gundi upande mmoja), kisha ukiache kwa siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa nailoni unaotazama ukuta, ukuta wenyewe unatoa maji. Yakijikusanya upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya bafuni tu. Ikiwa ni ukuta unaotoa maji, tafuta chanzo na ukitengeneze kwanza. Anayefunika ukuta wa namna hiyo kwa kioo ajiandae kununua kingine.

Aina ya ukuta nayo huamua namna ya kutoboa. Tofali za saruji za inchi 5 au inchi 6 ndizo rahisi kuliko zote, mradi ziwe na saruji ya kutosha. Tofali zilizofyatuliwa kwa kubania saruji hujulikana mara moja, kwa kuwa biti huzama bila upinzani wowote na tundu hutoka pana kuliko biti yenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za nyumba kongwe za Mikindani, ni imara kwa jumla lakini ni laini kwenye viungo, na mtikisiko wa drili huzibomoa kwa ndani. Nyumba za miti na udongo hazifai kutobolewa kwa fisha hata kidogo. Humo tafuta kwanza nguzo zilizo ndani ya udongo, kwa kugonga au kwa kuchokoa na msumari mwembamba, kisha pigilia ubao wa mninga au mkongo kutoka nguzo hadi nguzo, na kioo ukifunge kwenye ubao. Ukuta wa jipsamu ni vivyo hivyo: skrubu iingie kwenye fremu iliyo nyuma yake, si kwenye jipsamu yenyewe.

Nyumba ikiwa mpya, acha lipu ikauke kwa siku 28 kabla ya kufunga kioo. Kazi nyingi za kumalizia nyumba katika mikoa hii hufanyika korosho zinapouzwa, na mvua nazo huanza kuelekea Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo mara nyingi lipu hupigwa wakati mbaya kabisa wa kukauka. Mwenye subira angoje kipindi cha kusi, kati ya Juni na Septemba, ambapo kuta hukauka vizuri.

Hatua ya pili: hesabu ya uzito na kuchagua kioo

Meta moja ya mraba ya kioo chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 2.5. Kutokana na hapo kila mtu anaweza kupiga hesabu yake: zidisha upana kwa urefu kwa meta, zidisha kwa unene kwa milimita, kisha zidisha kwa 2.5. Kioo cha sentimita 60 kwa 80 chenye unene wa milimita 4 kina kilo 4.8. Kioo cha sentimita 90 kwa 120 chenye unene wa milimita 5 kina kilo 13.5, na kile kikubwa cha sentimita 120 kwa 180 chenye unene wa milimita 6 kinapita kilo 32, uzito ambao mtu mmoja hapaswi kujaribu kuupandisha ukutani peke yake.

Unene wa milimita 3 ni rahisi kwa bei, lakini ukuta usipokuwa umenyooka sawasawa kioo hicho hujipinda na sura ya mtu huonekana imevutika. Milimita 4 inatosha kwa kioo kidogo, na milimita 5 ndiyo ningeichagua kwa kioo chochote kinachozidi nusu ya meta ya mraba. Mwambie fundi vioo asugue kingo zote, si ile tu inayoonekana, maana ukingo uliokatwa na kuachwa hivyohivyo una nyufa ndogondogo ambazo hukua kioo kinapobanwa. Kama nyumba ina watoto, omba pia kioo chenye utando wa plastiki mgongoni. Kikivunjika, vipande hubaki vimeshikana na utando badala ya kumwagika sakafuni penye miguu mitupu.

Kioo hubebwa kikiwa kimesimama kwa ukingo, kamwe kisilazwe chali, kwa sababu kikilazwa uzito wake wenyewe hukipinda na shimo moja la barabarani hukipasua. Kirikuu chenye godoro kuukuu la kukiegemeza kinafaa. Bodaboda haifai, hata dereva akikuhakikishia vipi.

Hatua ya tatu: mahali pa kukiweka

Katikati ya kioo pawe kati ya sentimita 150 na 160 kutoka sakafuni kwa watu wazima wa kimo cha kawaida. Ukingo wa chini uwe juu ya bomba la beseni kwa sentimita 20 au zaidi, ili maji yanayoruka wakati wa kunawa yasikilowanishe kila siku. Mahali penye mtu anayetumia kiti cha magurudumu, teremsha ukingo wa chini hadi meta moja kutoka sakafuni au chini ya hapo, na uchague kioo kirefu zaidi badala ya kukihamisha chote chini.

Kisha jiulize nini kimepita ndani ya ukuta. Waya za umeme kwa kawaida hushuka wima kutoka darini hadi kwenye swichi au soketi, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi katika mstari mmoja nayo. Mabomba ya maji yanahitaji uangalifu zaidi huku kwetu, kwa kuwa nyumba nyingi hupata maji kutoka kwenye tangi la juu: bomba linaweza kuwa linashuka kutoka darini na kupita papo hapo unapotaka kufunga kioo, si kupanda kutoka chini kama unavyodhani. Panda darini ukaangalie bomba linazama wapi ukutani. Kama fundi aliyejenga bado yupo mjini, swali moja kwake litakuokolea kazi ya kubomoa marumaru, na anayejenga sasa apige picha za kuta zote kabla ya lipu kupigwa.

Hatua ya nne: vifaa, na hasa skrubu

Utahitaji drili, biti ya kutobolea marumaru na biti ya kutobolea tofali, zote za milimita 8, fisha za milimita 8, pima maji, futi ya kupimia, penseli, gundi ya karatasi, bisibisi, silikoni pamoja na kifaa cha kuikamulia, glovu za ngozi, miwani ya kukinga macho, vishikio viwili vya kukishika kioo kwa juu, na mfereji wa aluminiamu wenye umbo la U, ambamo ukingo wa chini wa kioo utakaa. Mfereji huu mafundi wa madirisha ya aluminiamu wanao, nao watakukatia kwa urefu unaoutaka.

Skrubu ndizo zisizotakiwa kubaniwa fedha. Zile za manjano au za rangi ya fedha zilizopakwa zinki tu zinafaa chumba cha kulala. Bafuni karibu na bahari hushika kutu, na kutu huvimba, hupasua marumaru na kuacha michirizi ya kahawia chini ya kioo. Nunua skrubu za chuma kisichoshika kutu, zenye alama ya A2, na kwa nyumba iliyo ufukweni, kama zile za Shangani hapa Mtwara, tafuta za A4, ambazo huvumilia chumvi zaidi. Nenda dukani na sumaku, hata ya spika mbovu: skrubu ya aina hiyo haivutwi au huvutwa kidogo mno, na ile inayorukia sumaku irudishe kwenye boksi.

Silikoni nayo ina mtego wake. Ile ya kawaida inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula mgongo wa kioo. Unayoihitaji ni ile isiyo ya asidi, inayoandikwa kwamba inafaa kwa vioo. Ukiwa na shaka, kamua kidogo kwenye kipande cha katoni na unuse. Ikinuka siki, itumie kwenye sinki la jikoni.

Hatua ya tano: kutoboa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na chanzo chake huwa ni kutojua unene wa vitu vilivyo mbele ya tofali. Chukua ukuta wa kawaida wa bafu: kipande cha marumaru kina milimita 8 hivi, saruji ya kubandikia ina milimita 7, na lipu ina milimita 15. Jumla ni milimita 30 kabla biti haijagusa tofali. Sasa fisha ya urefu wa milimita 40 ikiingizwa hadi usawa wa marumaru, ni milimita 10 tu zitakazokuwa ndani ya tofali. Zilizobaki zinashika lipu na marumaru. Mbaya zaidi, skrubu inapokazwa fisha hutanuka, na ikitanuka ndani ya marumaru huyapasua. Kwa hiyo tundu liwe na kina cha milimita 80, fisha isukumwe kwa msumari mnene mpaka yote iingie kwenye tofali, na skrubu iwe na urefu wa milimita 70 hadi 75 na unene wa milimita 5. Vipimo vya ukuta wako vinaweza kutofautiana na hivi. Tundu la kwanza litakuonyesha, kwa kuwa rangi ya vumbi hubadilika biti inapotoka kwenye lipu na kuingia kwenye tofali.

Bandika gundi ya karatasi kwenye marumaru mahali pa kutoboa, chora mstari wa mfereji kwa kufuata pima maji, na uweke alama za skrubu, ya kwanza na ya mwisho zikiwa sentimita 5 kutoka kwenye ncha za mfereji na nyingine zikiachana kwa sentimita zisizozidi 30. Mfereji wa sentimita 90 utapata skrubu nne. Epuka kutoboa karibu na ukingo wa kipande cha marumaru, mahali ambapo hupasuka kwa urahisi. Ni afadhali kusogeza alama kwa sentimita mbili. Toboa mfereji kwanza kwenye alama hizo ukiwa mezani, pamoja na vitundu viwili au vitatu vya milimita 5 katika sakafu yake, ili maji yatakayoingia yapate njia ya kutoka.

Zima umeme wa saketi ya bafuni na uiunge drili kwa waya wa kurefushia kutoka chumba kingine. Hakikisha sakafu ni kavu na umevaa viatu. Anza kwa biti ya marumaru, kwa mwendo wa polepole, na drili ikiwa katika hali ya kuzunguka tu bila kugonga. Msaidizi adondoshee maji kidogo kwenye biti kutoka kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, akiyaweka mbali na mashine. Usisukume kwa nguvu. Acha biti itoboe kwa mwendo wake yenyewe. Ukishapita marumaru, badilisha biti, weka alama ya milimita 80 juu yake kwa gundi ya karatasi, na sasa unaweza kuruhusu drili igonge. Katika ukuta wa matumbawe na chokaa usiruhusu igonge hata baada ya hapo: tangulia na biti nyembamba ya milimita 5, kisha ufuate na ya milimita 8, na kama tundu limetanuka, lijaze saruji nzito, uache siku saba, utoboe upya katikati yake.

Toa vumbi lote kwenye tundu kwa kulipuliza na mrija, uso ukiwa umeugeuza pembeni. Fisha iliyowekwa juu ya vumbi huzunguka pamoja na skrubu na haishiki kitu. Kamua tone la silikoni ndani ya tundu, sukuma fisha, na tundu hilo halitapitisha maji kuelekea kwenye tofali.

Kabla ya kuendelea, pima nguvu ya kila tundu. Ingiza skrubu, iache kichwa kikitokeza kwa sentimita moja, funga kamba na uning'inize ndoo yenye lita 10 za maji, ambazo ni kilo 10, kwa muda wa saa moja. Kioo chetu cha kilo 13.5 kikigawanywa kwa skrubu nne, kila moja itabeba kilo tatu na nusu hivi. Ikivumilia kilo 10 bila kulegea, ukuta huo umefaulu. Ikiyumba au ikitoka, usijidanganye kwamba nyingine tatu zitaibebea mzigo wake.

Hatua ya sita: kupandisha kioo

Fundi mwenye haraka atakuambia, "Bosi, silikoni peke yake inatosha." Itashika, ndiyo, lakini itakachoshika ni rangi ya mgongoni mwa kioo, na rangi hiyo ikibambuka kioo huteremka chote kwa mara moja. Uzito wote ubebwe na mfereji wa chini. Silikoni na vishikio vya juu kazi yao ni kukizuia kioo kisije mbele.

Funga mfereji, hakikisha tena kwa pima maji, kisha weka ndani yake vipande viwili vya plastiki laini, kila kimoja kwenye robo ya urefu wa kioo kutoka kwenye ncha, ili kioo kisikae moja kwa moja juu ya chuma. Usivitumie vipande vya tyubu nyeusi ya baiskeli, kwa kuwa mpira wa namna hiyo unaweza kuacha doa kwenye mgongo wa kioo. Paka silikoni nyembamba kwenye kingo zote za kioo ili kuziba tabaka la fedha, uache ikauke. Kisha kamua silikoni mgongoni kwa mistari ya wima inayoachana kwa sentimita 20 hivi. Mistari iwe ya wima, si ya mlalo wala ya kuzunguka kingo zote, kwani ikizunguka hufungia unyevu ndani, na ikiwa wazi juu na chini hewa hupita na maji hutiririka.

Watu wawili waliovaa glovu wanyanyue kioo, wateremshe ukingo wa chini ndani ya mfereji kwanza, kisha wakiegemeze taratibu ukutani na kukibonyeza kwa viganja, wakiacha nafasi ya milimita 3 hivi kati ya kioo na ukuta. Funga vishikio viwili vya juu, na skrubu zake zikazwe kwa bisibisi ya mkono hadi zianze kugusa tu. Drili haina nafasi hapa, kwa sababu mzunguko mmoja wa ziada hupasua kioo. Bandika gundi ya karatasi kutoka kwenye kioo hadi ukutani na usikiguse kwa siku mbili, wala mtu asioge maji ya moto humo. Silikoni hukauka kwa milimita 2 au 3 tu kwa siku, na ile iliyo katikati ya kioo huchelewa zaidi.

Kioo kidogo kisichozidi kilo 5 hakihitaji mfereji; vishikio vinne, viwili chini na viwili juu, vinatosha. Kioo kilichotobolewa katikati kwa ajili ya skrubu sikipendekezi katika mwambao huu, kwa sababu kila tundu ni ukingo mwingine wa kuingiza unyevu. Ukishakinunua hivyo, weka mpira mbele na nyuma ya kioo katika kila skrubu, na ndani ya tundu ipite bomba ndogo ya plastiki.

Matunzo

Kisafishe kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukikinyunyizia kitambaa na si kioo, kwa kuwa maji yanayoteremka hujikusanya kwenye ukingo wa chini. Dawa zenye amonia, klorini au asidi ya kusafishia choo zisikikaribie. Fungua dirisha baada ya kuoga. Kila mwaka mvua zinapokwisha, bonyeza kioo kwa kiganja kuona kama kinacheza, angalia kama vitundu vya mfereji vimezibwa na sabuni, na umulike tochi kwenye vishikio. Mchirizi wa kahawia chini ya kishikio unaonyesha kwamba skrubu iliyotumika si ile uliyodhani umenunua, nayo ibadilishwe siku hiyohiyo, moja baada ya nyingine, huku mtu wa pili akiwa amekishika kioo.